Poul la Cour, mwalimu aliyetafuta mwangaza katika upepo

Leo tunawaletea maisha ya mtu mmoja ambaye jina lake linasikika sawa jina la Kifaransa, lakini alizaliwa Danemark na alikufa Danemark. Anaitwa Poul la Cour. Wengi hawamjui huku kwetu, lakini kule kwao anajulikana. Yeye njo alifundisha vijiji vya nchi yake kutoa umeme katika upepo, wakati ambapo hata miji mikubwa ya Ulaya ilikuwa bado kuwashwa na taa za gazi na za petroli.

Siku kuran inakatika, mfanyakazi wa mgodi anajua mambo yanakuwa namna gani. Mashini zinanyamaza, pompi zinasimama, maji yanaanza kupanda mu shimo, na ku nyumba watu wanatafuta buji na makala. Huku Katanga tulipata bahati ya mito: tangu mwaka 1930 maporomoko ya Mwadingusha, kwenye mto Lufira, yalianza kutoa umeme kwa ajili ya shaba. Danemark haina bahati ile. Ni nchi ndogo, tambarare. Kilima chake kirefu zaidi hakifiki meta 200. Haina maporomoko makubwa, na makaa ya mawe ilinunua kwa wageni. Kitu kimoja tu ilipewa mingi: upepo wa bahari, unaovuma mchana na usiku.

Kazi ya upepo kabla yake

Isifikiriwe kwamba la Cour ndiye wa kwanza kuutumikisha upepo. Zaidi ya miaka 1000 iliyopita, watu wa Uajemi, katika jimbo la Sistan, walikuwa na vinu vya upepo vya kusaga nafaka. Vinu vile vilizunguka kwa kulala, sawa jiwe la kusagia linavyozunguka. Huko Ulaya vilionekana karne ya 12, lakini vya namna ingine: vilikuwa na mabawa manne yaliyosimama wima mbele ya upepo, na ndani magurudumu ya mbao yenye meno yaligeuza nguvu ile mpaka ku jiwe. Kazi yao ilikuwa ile ile ya mashini zetu za kusaga unga wa bukari.

Waholanzi waliongeza kazi ya pili, ambayo mchimbaji ataielewa mbio: kutoa maji. Nchi yao iko chini, maji yanaijaza. Mwaka 1612 walimaliza kukausha ziwa la Beemster kwa vinu zaidi ya 40 vilivyopandisha maji ngazi kwa ngazi mpaka mferejini. Chini ya ziwa wakapata mashamba. Ni kazi ileile ya pompi za mgodini, lakini bila mafuta.

Kisha mashini ya mvuke ikafika. Ya Thomas Newcomen ilianza kazi mwaka 1712 huko Uingereza, kwenye mgodi wa makaa, juu ya kutoa maji shimoni. Tangu hapo kidogo kidogo upepo ukadharauliwa. Makaa yanatii: ukitia mingi, nguvu inapanda; ukiacha, inashuka. Upepo hautii mtu. Karne ya 19 ilipoelekea mwisho, watu wenye elimu waliona kinu cha upepo kuwa kitu cha mababu.

Walakini umeme ulipotokea, wachache walijaribu kuunganisha hivi viwili. Mwaka 1887, huko Scotland, profesa James Blyth aliwasha nyumba yake ya mapumziko kwa kinu cha upepo na batri. Katika mwaka ule pia, Charles Brush wa Cleveland, Marekani, alijenga gurudumu lenye upana wa meta 17 na vipande 144 vya mbao, likajaza batri za nyumba yake. Lakini Blyth na Brush waliwasha nyumba zao wenyewe. La Cour aliuliza namna ya kuwasha nyumba za wengine.

Mtoto wa shamba aliyesoma hewa

Poul la Cour alizaliwa tarehe 13 Aprili 1846, katika shamba karibu na mji mdogo wa Ebeltoft, upande wa Jutland. Alisoma fizika na elimu ya hali ya hewa kwenye universite ya Copenhagen. Mwaka 1872 serikali ilipofungua ofisi ya hali ya hewa, yeye alikuwa kijana wa miaka 26 tu, akawekwa kuwa makamu wa mkubwa wa ofisi ile. Ilikuwa kazi nzuri, yenye heshima na mshahara usiokatika.

Huko alianza pia kuwaza juu ya telegrafu. Wakati ule waya mmoja ulipitisha habari moja, na waya ulikuwa bei kali, kwani ni chuma na shaba, na safari ni ndefu. La Cour akatumia vyuma vinavyolia, kila kimoja na sauti yake, ili habari nyingi zipite kwa pamoja ndani ya waya mmoja, kila habari ifuate sauti yake mpaka mwisho. Alitengeneza pia gurudumu dogo linalozunguka sawasawa kabisa na sauti ya chuma, bila kupita wala kuchelewa. Kazi ile ilimpatia jina mbele ya wenye elimu. Lakini Marekani, watu kama Elisha Gray na Alexander Graham Bell walikuwa wakitafuta njia hiyo hiyo, nao walikuwa na wenye franga nyuma yao. La Cour hakupata utajiri.

Kuacha mji mkubwa

Mwaka 1878, akiwa na miaka 32, alifanya jambo lililoshangaza wengi. Aliacha ofisi ya Copenhagen, akaenda na jamaa yake mu kijiji cha Askov, mbali sana na mji mkubwa, kuwa mwalimu wa vijana wa mashamba.

Juu ya nini? Lazima tujue shule ile ilikuwa namna gani. Danemark ilishindwa vita mwaka 1864, Waprusia wakachukua sehemu kubwa ya kusini. Shule ya kwanza ya watu wazima wa vijijini, iliyofunguliwa mwaka 1844 huko Rødding, ikabaki upande wa adui. Walimu wakavuka mpaka, na mwaka 1865 wakaanza tena Askov, karibu kabisa na mpaka mpya. Shule hizi zilifuata mawazo ya mchungaji Grundtvig: mtoto wa mkulima apewe akili pana, ajue historia, lugha, nyimbo na elimu ya vitu, bila kumpigisha mitihani ya kumtisha. Nchi iliyopoteza ardhi ilitaka kujijenga tena kwa akili za watu wake wadogo.

La Cour alipenda wazo hilo. Alifundisha hesabu na fizika kwa namna yake: hakuanza na kanuni za kushika kwa kichwa, alianza na historia. Alieleza watu wa kale walikutana na shida gani, walijaribu nini, walikosea wapi, na jibu lilipatikana namna gani. Vijana waliosukuma jembe mchana waliweza kumfuata. Kitabu chake cha hesabu kwa njia ya historia kilitoka mwaka 1881, na baadaye, pamoja na mwalimu mwenzake Jacob Appel, aliandika kingine cha fizika.

Shida iliyomkamata

Miaka ile umeme ulianza kuingia mijini. Viwanda vikapata mota, maduka yakapata ampule. Vijijini hakuna kitu. Hesabu ya makampuni ilikuwa wazi: ku mji, waya mfupi unafikia wateja mingi, ku kijiji, waya mrefu unafikia nyumba tatu. Basi nani atapeleka? La Cour aliona mbele kwamba nguvu mpya ikibaki mijini peke yake, vijana wote watafuata nguvu ile, na mafundi wa vijijini, mseremala, mhunzi, msagaji, watakufa na kazi zao. Kwake umeme ulikuwa pia swali la nani atabaki na maisha na nani atasahauliwa.

Upepo ulikuwa pale, bila kulipa. Tatizo ni kwamba upepo una siku zake. Unaweza kuvuma kwa nguvu usiku watu wakilala, na kunyamaza jioni wakati kila nyumba inataka taa. Nani atauweka upepo wa leo kwa ajili ya kesho? Hilo njo swali la Cour alilolibeba. Aliomba serikali, serikali ikampa franga za majaribio, na mwaka 1891 kinu chake cha kwanza kilisimama Askov. Kwa nje kilifanana na kinu cha kawaida cha mabawa manne. Ndani, pahali pa jiwe la kusagia, kulikuwa dinamo.

Shida ya kwanza ilikuja mara moja. Dinamo inapenda kuzungushwa kwa nguvu iliyo sawa, lakini upepo unapiga kwa kushtuka: sasa kidogo, sasa mingi. Ampule inafifia, kisha inataka kupasuka. La Cour akatengeneza chombo alichokiita kratostat. Ilikuwa ni magurudumu na mikanda, pamoja na uzito uliotundikwa. Uzito ule ulipima mvuto wa mkanda: upepo ukipita kipimo, mkanda uliteleza, nguvu ya zaidi haikufika ku dinamo. Chombo kilikuwa rahisi, na mhunzi wa kijiji aliweza kukitengeneza.

Gazi, na vioo vilivyopasuka

Kwa shida ya pili, ile ya kuweka akiba, batri za wakati ule zilikuwa bei kali na matunzo mingi. La Cour akafuata njia ingine. Alipitisha umeme wa kinu ndani ya maji, akitumia vyombo vilivyobuniwa na Mwitalia Pompeo Garuti. Umeme wa kontinu ukipita majini, maji yanaachana: upande mmoja inatoka idrojeni, upande mwingine oksijeni. Akazikusanya katika matangi mawili. Upepo ukivuma, matangi yanajaa. Upepo ukilala, gazi inabaki. Kwa tiyo, gazi ilifika ndani ya shule. Pale iliwaka na kupasha moto kipande kigumu kama jiwe mpaka kikatoa mwangaza mweupe.

Kuanzia mwaka 1895 mpaka 1902, shule ya Askov iliwashwa kwa njia hiyo. Miaka 7, vijana walisoma jioni kwa mwangaza uliotoka katika upepo na maji.

Lakini kazi ile ilikuwa na hatari, na wasomaji wetu wanaojua habari za gazi mgodini wataielewa bila kuelezwa mara mbili. Idrojeni peke yake inawaka tu. Idrojeni iliyochanganyika na oksijeni kidogo inapasuka. Ikitokea vyombo vimepitisha oksijeni kidogo upande usio wake, moto mdogo unatosha. Mara kadhaa mlipuko ulitokea Askov, na vioo vya madirisha ya majengo ya shule vikapasuka, vikabadilishwa, vikapasuka tena. La Cour aliendelea, kisha akaona lazima kubadilisha njia. Batri zilikuwa zimekuwa nzuri zaidi. Kuanzia mwaka 1902 gazi ikaachwa, batri zikachukua kazi yake.

Upepo ndani ya tiyo

Wakati ule ule alikuwa na kazi ya pili. Aliuliza: bawa la kinu liwe na sura gani? Wajenzi wa vinu walifuata desturi za baba zao. Wamarekani walitengeneza magurudumu yenye vipande vingi, mazuri kwa kupandisha maji, lakini yanazunguka polepole. Nani alikuwa amepima?

La Cour akapima. Alitengeneza tiyo kubwa, akaweka feni ya kusukuma hewa, na mbele yake akatundika mabawa madogo ya mfano, akabadilisha upana, idadi, mwinamo na mkunjo wao, na kila mara akaandika nguvu iliyotoka. Ilikuwa kati ya majaribio ya kwanza duniani ya namna hiyo, miaka michache kabla ndege ya kwanza kuruka.

Majibu yalipingana na mawazo ya wengi. Kuongeza mabawa si kuongeza nguvu kila mara: kwa dinamo, mabawa machache yanayokimbia mbio yanashinda mabawa mingi yanayokwenda polepole. Tena, upepo hausukumi bawa kwa mbele peke yake. Nyuma ya bawa kuna mvuto, na mvuto ule unafanya sehemu kubwa ya kazi. Kwa hiyo bawa linatakiwa kuwa na mkunjo. Mwaka 1897 alijenga kinu cha pili, kikubwa kuliko cha kwanza, akifuata masomo yale. Matokeo yote aliyachapisha katika vitabu, mwaka 1900 na mwaka 1903, ili kila mjenzi ayatumie.

Mafundi wa vijijini

Kinu kimoja cha Askov hakikutosha. Mwaka 1903 la Cour na wenzake walianzisha chama cha umeme wa upepo, ambacho kilisaidia vijiji kupanga mitambo yao: kinu, dinamo, batri, na mota ndogo ya mafuta kwa siku upepo unapokosa kabisa. Hakudanganya watu kwamba upepo unatosha peke yake kila siku.

Tena aliona kitu ambacho wengi wanasahau. Mashini bila fundi ni chuma cha bule. Ikiharibika, kijiji kitangoja mtu wa mji, na mtu wa mji atachelewa. Basi mwaka 1904 alianza masomo ya umeme kwa vijana wa mashamba, miezi mitatu hivi. Walijifunza kuvuta waya, kutunza batri, kufunga mota, kusoma vipimo, kisha wakarudi kwao kufanya kazi. Mwaka ule alianza pia kutoa gazeti juu ya umeme wa upepo.

Poul la Cour alikufa tarehe 24 Aprili 1908, akiwa na miaka 62. Wakati ule Union Minière du Haut-Katanga ilikuwa haijafikisha miaka 2, na reli ilikuwa bado kufika Elisabethville.

Kazi baada ya kifo

Vita vya 1914 vilipoanza, mafuta na makaa yakawa shida kupatikana Danemark. Hapo vijiji vilivyokuwa na vinu vya umeme vilijua faida yake. Mwaka 1918, mitambo ya umeme ya vijiji kama 120 ilikuwa na kinu cha upepo, vingi vya kilowati 20 mpaka 35. Kwa jumla vilitoa kama asilimia 3 ya umeme wa nchi. Ni kidogo, ndiyo, lakini kwa kijiji ambacho hakuna kampuni ilikitaka, kidogo kile ni taa zote.

Kisha makaa yakarudi, na mafuta yakawa rahisi. Nyaya za mitambo mikubwa zikafika vijijini, na vinu vikaanza kuachwa. Kinu kikubwa cha Askov kiliungua moto mwaka 1929. Jengo lililobaki leo ni nyumba ya makumbusho.

Mtu angeweza kusema hadithi imeisha. Lakini kati ya vijana wa darasa la mwaka 1904 kulikuwa mmoja wa miaka 17, jina lake Johannes Juul. Alifanya kazi ya umeme maisha yake yote. Alipokaribia uzee, alirudia masomo ya mwalimu wake, na mwaka 1957 kinu chake kikaanza kazi Gedser, ku mwambao wa kusini. Kilikuwa na mabawa 3, upana wa meta 24, nguvu ya kilowati 200, na kilitoa umeme alternatifu moja kwa moja ndani ya nyaya za nchi. Ncha za mabawa ziligeuka zenyewe kuwa breki, dhoruba ikizidi. Kilifanya kazi miaka 10 hivi. Mwaka 1973 bei ya mafuta ilipopanda duniani kote, wenye elimu, hata wa Marekani, walikwenda kukipima tena, na vinu vya kisasa vya Danemark vilifuata njia ile. Leo, miaka mingine, upepo unatoa zaidi ya nusu ya umeme wa Danemark.

Kitu kimoja cha mwisho kinahusu mkono wetu. Kila kinu kikubwa cha leo kina tani kadhaa za shaba: mu dinamo, mu transfo, mu nyaya za kushuka mpaka chini. Nchi yetu iko kati ya zile zinazochimba shaba mingi zaidi duniani. Tena, umeme wa Inga unaofika Kolwezi unasafiri karibu kilometa 1700 kwa namna ya kontinu, na unapita juu ya vijiji vingi ambavyo usiku bado vinawasha buji. Shida ya waya mrefu na nyumba tatu, ambayo la Cour aliikuta Danemark, iko pale chini ya waya hata leo. Yeye hakungoja waya. Alianza na kinu kimoja, na shule iliyofundisha vijana miezi mitatu kisha ikawarudisha kwao na kazi mkononi.